Fundi Makochi na Ua la Miaka Miwili

Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli la karakana, shangazi yangu huzunguka nyuma ya jengo, huchuchumaa kando ya ukuta na kuweka kiganja chake chini, vidole vimetanuka kabisa. Hutazama. Kisha husema "bado", hujipangusa mchanga kwenye aproni na kurudi mbele kufungua mlango. Ukimsalimia akiwa katika shughuli hiyo hakuitikii. Ukirudia salamu anakuambia usimchanganye.

Ajabu yake ni kwamba huyu ni mtu asiyekuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Huinywa ikiwa bado inafuka moshi, halafu kutwa nzima analalamika kwamba ameungua ulimi.

Mtaani wanamwita Chapuchapu. Kazi yake ni makochi: kuyavua nguo kuukuu, kukaza mikanda, kubadilisha springi na sponji, kisha kuyavisha upya. Mafundi wetu tunawajua. Ukipeleka suruali, njoo kesho. Ukipeleka redio, njoo kesho, na kesho hiyo ina watoto na wajukuu. Shangazi hajawahi kulitamka neno hilo kwa mteja. Kochi likiingia asubuhi limechanika, jioni linatoka linang'aa, na mwenye kochi bado yuko njiani kutafuta mtu wa kulibeba. Haraka hiyo ina gharama zake. Kuna siku aliishonea miwani yake mwenyewe ndani ya mto, na ilirudishwa na mteja aliyekuwa ameikalia.

Na mkono wake wa kulia una tabia yake. Shingoni amening'iniza mkasi mdogo kwa utepe, na uzi wowote unaochomoza mahali popote, mkono huo unaukata. Haumuulizi mwenyewe. Anaweza kukusalimia, na kabla hujamaliza kuitikia, uzi uliokuwa kwenye kola yako umeshaanguka sakafuni.

Mimi nilihamia kwake nilipomaliza chuo, nikisubiri kazi. Nilisaidia kuchomoa misumari, na muda uliobaki nilisoma vitabu nikiwa nimekaa kwenye makochi ya watu. Shangazi alisema hiyo nayo ni kazi, kwa sababu springi lazima zijaribiwe na mtu aliyetulia.

Bustani yenyewe ilianza kwa vita. Nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao, waliingia stoo na kuanza kuchimba matundu kwenye fremu zake. Shangazi aliwakimbiza na kandambili. Alivunja taa, hakupata nyuki hata mmoja. Nilimsomea kitabuni kwamba wale hawana ugomvi na makochi. Wanatafuta mti mkavu wa kuzalia na maua yaliyo karibu.

"Kwa hiyo wanataka nyumba na chakula," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kama wapangaji wengine."

Siku ileile alisimamisha nguzo ya fremu kuukuu kwenye kile kipande cha ardhi kilicho kati ya ukuta wa nyuma na mfereji, akapanda mirehani, alizeti na chochote alichopewa na majirani. Jua lilipozama kulikuwa na bustani. Nyuki walihama. Vipepeo wakaja bila kualikwa. Shangazi akaanza kuwaita wote hao wageni wake, na wateja wakawa wanaburutwa nyuma kuwaona kabla hawajaonyeshwa kochi.

Kisha likaja kochi kutoka nyumba moja ya shambani, zito kama mtu aliyenuna. Ndani yake hamkuwa na sponji. Lilijazwa manyasi makavu, yale ya zamani, yaliyokatwa uwandani wakati uwanda bado ulikuwapo. Shangazi aliyazoa yote na kuyamwaga bustanini yafunike udongo. Mvua zilipokuja, katikati ya manyasi yale ukaota mmea ambao hakuna aliyeupanda: majani ya kijivu yenye manyoya laini, yamelala chini kwa duara, yamejibana na ardhi kana kwamba yamekatazwa kusimama.

Jirani yetu ni fundi saa, mwanamume mpole, mzito wa kila kitu isipokuwa maneno. Aliinama akatazama.

"Jirani, kabichi yako imekaliwa na nani?"

"Na mteja wako," alisema Shangazi, "akingoja saa yake."

Nilitafuta kwenye kitabu cha mimea ya asili. Jani liliwiana, manyoya yaliwiana, hata mshipa mweupe wa katikati. Mwaka wa kwanza mmea huu hutoa majani tu, na chini kwa chini unatia nguvu kwenye mzizi. Mwaka wa pili husimamisha shina, huchanua, huangusha mbegu na kufa. Zamani ulijaa uwandani, kabla uwanda haujalimwa na kujengwa. Ua lake lina koo refu, na chavua yake, ule unga wa njano, haidondoki mpaka nyuki mzito aingie na kulitikisa. Nyuki mwepesi hutoka mikono mitupu. Kuhusu rangi, kitabu kilikuwa na mchoro wa wino mweusi na sentensi moja tu: hubadilika kutoka bonde hadi bonde.

Shangazi alinisikiliza akiwa na misumari mdomoni. Aliitema kiganjani.

"Wa kwetu? Wa hapahapa?"

"Wa hapahapa."

"Na anayeweza kulifungua ni mgeni wangu mweusi peke yake?"

"Wale wazito, ndiyo."

"Na rangi haijulikani."

"Haijulikani mpaka lichanue."

"Miaka miwili," alisema, akaketi juu ya kochi la mtu. "Mimi kwa miaka miwili navisha mji mzima."

Lakini alikuwa ameshanaswa. Kuanzia kesho yake alikuwa nyuma ya jengo, kiganja chini, akipima kama majani yamevipita vidole. Fundi saa alimuuliza kila siku litachanua lini, na kila siku Shangazi, kwa kuona aibu ya kusema mwakani, alijibu "kesho". Hapo mmea ukapata jina. Fundi saa aliuita Kesho.

"Hatimaye umekuwa fundi kama sisi," alimwambia.

Wakabishana rangi. Shangazi alisema nyekundu, tena nyekundu ya velveti. Fundi saa alisema jeupe, maana kitu kilichofichwa muda mrefu hivyo lazima kiwe kimepauka. Mwaka mzima ukapita wakibishana. Jua kali likaja, majani ya nje yakakauka, ya ndani yakabaki yamejikunyata, na Shangazi akayawekea kivuli cha kitambaa cha kochi chenye maua ya waridi. Mmea ule mnyonge chini ya pazia lile ulionekana kama bibi harusi mgonjwa.

Mwaka wa pili, mvua zilipokaribia kukatika, Mama Mwenye Nyumba alitutembelea. Ni mjane, mtu safi, na hapendi kitu kisicho na kazi. Hata viti vyake vya ziada amevikodisha. Alisimama kando ya bustani mikono kiunoni.

"Mwenzangu, hapa nitajenga kibanda. Mwashi wangu anamaliza ukuta wa mbele, akitoka kule anakuja kumwaga zege huku."

Shangazi alimweleza habari za ua, haraka haraka, sentensi tatu kwa mkupuo. Alimweleza uwanda, nyuki, koo refu, miaka miwili. Mama Mwenye Nyumba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama mmea.

"Mimi naona kabichi isiyolika."

"Mama, ni mwaka wake huu. Ngoja kidogo tu."

"Wewe ndiye unaniambia ningoje? Wewe Chapuchapu?" Alicheka kwa dhati. "Haya. Siku atakayoingia mwashi huku na mchanga, nitakuja. Nikikuta ua, kibanda kitakwenda upande wa geti. Nikikuta kabichi, ni zege."

Wakapeana mikono.

Wiki ile shina likatoka. Asubuhi moja kiganja chake kiligusa kitu kilichosimama katikati ya majani, kinene na chenye manyoya, akapiga ukelele mpaka fundi saa akatoka na saa ya mtu mkononi. Sasa mmea ulikuwa na haraka kuliko yeye. Asubuhi ulifika kwenye kifundo cha mguu, mara ukafika gotini. Shangazi aliuacha mlango wa nyuma wa karakana wazi ili autazame akishona. Alikuwa akiamka akiimba. Wateja waliambiwa habari za shina kabla ya kuulizwa shida yao, na mmoja aliondoka bila kukumbuka alikuwa ameleta nini. Juu kabisa ya shina likaja tumba, kubwa kama ncha ya kidole gumba, limefunikwa majani madogo ya kijani.

"Nyekundu," alisema Shangazi. "Naiona ikichungulia."

"Huna miwani," alisema fundi saa.

Alasiri moja Mama Mwenye Nyumba alirudi, akataka kupima urefu wa kibanda. Shangazi alimfuata nyuma akibishana. Alikuwa akionyesha maji ya mvua yatapita wapi, akainama kuonyesha mfereji, mdomo wake umo katika maneno na macho yake yamo kwenye mfereji. Kitu chembamba kilichochomoza kikamgusa shavu. Mkono wa kulia ukapanda shingoni, ukakamata mkasi, ukafanya kazi yake.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Kt.

Shangazi alitazama kiganja chake. Tumba lilikuwa limelala pale na kipande cha shina. Aligeuka akalitazama shina lililobaki, kisha kiganja tena, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyelikata na ataonekana sasa hivi.

Mama Mwenye Nyumba alikunja futi yake polepole.

"Umenirahisishia kazi," alisema. Halafu sauti ikamlainika. "Pole, mwenzangu."

Shangazi aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda. Alivua mkasi shingoni akauweka kwenye droo. Mteja alikuja kuulizia kochi lake ambalo lilibaki kupigwa misumari ya chini tu, kazi ya kufumba na kufumbua.

"Njoo kesho," alisema Shangazi.

Mteja alibaki mdomo wazi. Upande wa pili wa ukuta, nyundo ndogo ya fundi saa ilinyamaza.

Baada ya muda kidogo fundi saa alipita mlangoni kwetu bila kutania, akaenda nyuma na kile kioo chake cha jichoni, kile anachotumia kutazama matumbo ya saa. Alikaa huko muda mrefu, maana yeye hafanyi kitu kwa haraka. Kisha akaita.

"Jirani. Njoo."

"Niache."

"Njoo uone kwenye kwapa la jani."

Shangazi alienda akiburuta miguu. Fundi saa alimbandika kioo jichoni na kumwinamisha kichwa kama mtoto anayekaguliwa masikio. Pale ambapo kila jani lilishikana na shina palikuwa na nukta ya kijani, kama ncha ya sindano. Na kwenye jani la chini yake, nukta nyingine. Na nyingine.

Nilikimbia kufuata kitabu. Niliwasomea nikiwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma, nikihema: kichwa cha shina kikiliwa na mnyama, mmea huu hutoa matawi ya ubavuni, nayo hubeba maua, ila huchelewa.

"Mnyama," alisema fundi saa.

"Nimesikia," alisema Shangazi. Alikuwa amejishika mashavu, na kicheko kimeanza kumtoka. "Soma tena hapo kwenye matawi."

Nilisoma tena. Akanituma nikamrudishe yule mteja, akampigilia kochi lake papo hapo.

Sasa zikawa mbio kati ya matawi na mwashi. Ukuta wa mbele ulikuwa umefika kifuani, na mwashi, kijana mchapakazi, alitaka kujijengea jina. Kila siku Shangazi alimpelekea maji ya kunywa na kiti.

"Fundi, pumzika. Ukuta haukimbii."

"Mama, watu wote huniambia niongeze mwendo."

"Watu wana haraka sana siku hizi. Haraka haraka haina baraka. Kaa, nikuulize habari za nyumbani."

Fundi saa aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa Chapuchapu ilibidi aingie ndani na kufunga mlango.

Matawi yalikua. Kutoka shina moja lililokatwa yakatoka mengi, yameinuka pande zote kama mikono ya watoto wanaojua jibu, na kwenye ncha ya kila moja kukawa na tumba. Yalivimba. Hayakufunguka. Shangazi alipita bustanini mikono ameifunga nyuma, kwa kuwa hakuiamini tena.

Mwashi akamaliza ukuta. Mchana wa siku hiyo tulisikia toroli likikwaruza kokoto, likizunguka nyuma na mchanga, na Mama Mwenye Nyumba yuko nyuma yake na mwavuli wa jua. Shangazi alitoka jinsi alivyokuwa, na ile sindano iliyopinda ya kushonea makochi mkononi. Alisimama kati ya toroli na mmea.

Mama Mwenye Nyumba aliinama akatazama kila tawi. Alikuwa mtu wa haki, hakuruka hata moja.

"Yamefumba."

"Yamefumba, Mama."

"Hata rangi haionekani." Aliiona sindano. "Mbona unayo hiyo? Lifungue moja hapo, tuone rangi, tumalize. Nikiona ua nimeona ua, mimi sina maneno mengi."

Nilimtazama Shangazi. Ncha ya sindano ilikuwa karibu kabisa na tumba kubwa kuliko yote. Ilikuwa kazi ya kufumba jicho, na vidole vyake vinajua kufungua mshono bila kuumiza kitambaa. Bustani ingepona.

Aliichomeka sindano kwenye kifua cha aproni.

"Hapana, Mama. Hilo halitakuwa limechanua, nitakuwa nimelipasua. Mwaga zege lako."

"Unasema kweli?"

"Tulipeana mikono."

Mwashi alitazama sepetu yake. Mama Mwenye Nyumba alimtazama Shangazi muda mrefu, kama anayemwona mpangaji mpya. Nadhani katika miaka yote ya kumpangisha hakuwahi kumwona akiacha kitu kijiendee.

"Mchanga umwage hapo kando," alimwambia mwashi. "Zege kesho asubuhi. Leo jua kali, litapasuka."

Jua lilikuwa la kawaida tu.

Asubuhi tulipozunguka nyuma tulimkuta Mama Mwenye Nyumba ametutangulia. Amechuchumaa, gauni amelikusanya magotini, mwavuli umeanguka pembeni. Alituonyesha kwa kidevu bila kugeuka.

Tumba kubwa lilikuwa limefunguka. Halikuwa jekundu wala jeupe. Lilikuwa la zambarau, zambarau iliyokolea pembeni na kufifia kuelekea ndani, na kooni mwake mna njano kama mtu ameacha taa inawaka. Tawi la pili lilikuwa likifunguka tunalitazama, petali moja ikijikwanyua kutoka kwa mwenzake.

Shangazi alijishika kichwa kwa mikono miwili. Fundi saa alikuja mbio, naye sijawahi kumwona akikimbia, na viatu alikuwa amebadilisha kulia na kushoto.

"Wote tumekosa," alisema.

"Nyamaza," alisema Mama Mwenye Nyumba. "Anakuja."

Nyuki mweusi alitoka kwenye nguzo ya fremu, akazunguka mara kadhaa kama mgeni rasmi wa karamu, akatua kwenye mdomo wa ua. Ua likalemewa, likainama. Aliingia mpaka akabaki mgongo tu. Kisha mlio wake ukabadilika. Ule mvumo wa kuruka ukakatika na mahali pake ukaja mwingine, wa juu na mkali, kama cherehani ikipita kwenye kitambaa kinene, na ua lote likatetemeka mbele ya macho yetu. Alipotoka nyumanyuma alikuwa wa njano, uso mzima, kama aliyeangukia unga.

"Umeona?" Shangazi alimshika Mama Mwenye Nyumba mkono. "Umemwona mgeni wangu? Umesikia alivyolia?"

"Nimesikia. Nina masikio." Lakini hakuutoa mkono wake. Nyuki akahamia ua la pili, wakainama wote wawili kumfuata, vichwa vimegusana.

Mwashi alifika na sepetu, akasimama asijue la kufanya.

"Mchanga upeleke getini," alisema Mama Mwenye Nyumba. "Hapa pana kazi inafanyika." Akainuka kwa kushikilia bega la Shangazi. "Ila sikiliza, mwenzangu. Mwakani namleta dada yangu aje aone. Nimeshamuahidi."

Alikuwa hajamuahidi mtu yeyote, alfajiri ile. Lakini jioni alikuwa amemuahidi dada yake, jirani zake na mwenye duka.

Matawi yalichanua kwa zamu, moja likinyauka jingine linafunguka, na watu wakaja mpaka Shangazi akaweka kochi bovu nyuma wapate kukaa. Kisha maua yakaisha. Vifuko vya mbegu vikavimba, vikakauka, vikapasuka. Mmea mzima ukageuka kahawia kuanzia chini, ukasimama mkavu kama fremu isiyo na kitambaa. Tulipotikisa matawi, mbegu zilidondoka nyeusi na laini kama pilipili manga iliyosagwa. Shangazi alizitawanya bustani nzima, akazifunika kwa manyasi, akanyunyizia maji. Alifanya kazi hiyo akiimba, aproni imejaa udongo.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, na jambo moja lilikuwa likinisumbua tangu siku ya nyuki. Nikamuuliza: mwakani kutaota majani matupu, na Mama Mwenye Nyumba atakuja na dada yake kuona ua, sasa atamwambia nini?

"Nitamwambia mwakani ni majani," alisema Shangazi, "aje mwaka unaofuata."